Wasifu wa Mwalimu Wastani

4 Februari

Kinara wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko chuoni. Anwani yako nimepewa na dada yako, siku nilipompelekea koti langu alipunguze mikono. Yeye ndiye aliyesema, "Mwalimu, ukitaka mtu wa kukuandika vizuri, mwandikie mdogo wangu. Hakuna anayekujua kama yeye." Nikajiambia, kumbe huyu naye ana akili za namna yake.

Nimestaafu, lakini siwezi kukaa nyumbani nikitazama kazi yangu inabomolewa. Mwalimu mkuu mpya, kijana mwenye meno mengi kuliko maneno, anataka kufuta mchujo. Anasema kila mtoto aliyefika darasa la mwisho afanye mtihani wa taifa, awe anajua, awe hajui. Bodi ya shule imegawanyika katikati. Kiti cha wazazi kiko wazi, na atakayekikalia ndiye atakayeamua. Kwa kuwa ninamlea mjukuu wangu anayesoma pale, ninaruhusiwa kugombea.

Utaratibu wetu labda umeusahau. Tangu mwaka ule wagombea walipotukanana ukumbini mpaka viti vikaruka, hakuna anayejisifu mwenyewe. Unakabidhi wasifu wenye sahihi yako, na siku ya mkutano mpinzani wako anausoma mbele ya watu, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Wewe nawe unamsomea wake. Kisha wazazi wanapanga mstari nyuma ya wanayemtaka. Mpaka leo sina mpinzani, ila lazima atatokea mmoja wa kusindikiza. Basi maneno yawe yale ambayo hata yakitoka mdomoni mwa adui yatasikika vizuri.

Andika nilikotoka, kazi niliyoifanya, na msimamo wangu kuhusu elimu. Usinionee haya.

Mwalimu wako


11 Februari

Dada,

Umempa anwani yangu. Nimesoma barua yake nimesimama kwenye korido ya idara, na nilipomaliza nikakuta nimeikunja mpaka imekuwa ndogo kama kidonge. Ningekupigia simu, lakini najua utasema tena kwamba simu ya dukani inasikilizwa na kila anayepimwa nguo.

Unampunguzia koti! Wewe! Huyu ni Wastani, dada. Yule aliyeandika wastani wa shule kwa rangi nyeupe ukutani langoni, tukampa jina hilo na akalipenda. Yule aliyekutoa darasa la mwisho ili namba ile isishuke. Mimi nilikuwa la tano. Dirisha letu lilitazama ofisi yake. Nilimwona Mama amesimama juani, kitambaa cha kichwa amekishika mkononi, anaongea na mlango uliofungwa. Nilimwona anaondoka. Mwalimu wa hesabu akaniambia nitazame ubao. Nikautazama, na tangu siku hiyo sikuwahi kushika nafasi ya pili. Watu wanadhani ilikuwa bidii. Ilikuwa chuki, dada. Nilisoma kwa chuki kama wengine wanavyosoma kwa taa.

Sasa amekuja mwenyewe kuniomba kalamu. Nitampa. Nitaweka jina lako na jina la Mama, nitaweka jua lile na mlango ule, nitayafunga vizuri ndani ya maneno matamu ili atie sahihi bila kugundua. Nataka mtu asimame na kumsomea hukumu yake kwa sauti, na yeye ameketi mbele amekunja nne akidhani anasifiwa. Silali vizuri tangu barua ile ifike, na si kwa huzuni. Nina furaha mbaya.

Niambie tu kwamba hukumpa anwani yangu kwa wema. Wema wako kwake sitauelewa.

Mdogo wako


17 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako imefika. Punguza moto kidogo, bahasha yenyewe ilikuwa karibu kuungua.

Koti ni kazi. Mteja akija namshonea. Mikono ilikuwa mirefu kweli, amesinyaa.

Huku tupo. Nimepata sare za kwaya, kitambaa chenyewe kinateleza kama sabuni. Mwanangu yuko darasa la mwisho sasa, urefu amenipita. Hesabu bado zinamtesa. Jaribio la juzi alirudi nalo amelikunja ndani ya soksi. Nikamwambia, mwanangu, soksi ni ya mguu. Akacheka, kisha akalia. Wameambiwa mchujo ni mwezi wa nne kama kawaida, mpaka bodi iseme vingine. Huyu bwana akipata kile kiti, bodi haitasema vingine, na mwanangu ataondoka kama nilivyoondoka mimi. Hilo ndilo ninaloliwaza. Mengine ni yako.

Kuhusu wasifu, nisikilize mara moja katika maisha yako. Usitaje jina langu. Mama muache apumzike. Na usifiche kitu humo ndani. Mtu yule amesahihisha madaftari maisha yake yote, anakuona unapotaka kumchezea kabla hujaanza. Andika sifa zake tu, kama anavyozitaja mwenyewe. Zote. Usiache hata moja, hata ile inayokuhusu wewe.

Salamu kutoka kwa mpwa wako. Anauliza kama kweli chuoni kwenu watu wanakula huku wanasoma.

Dada yako


24 Februari

Mwalimu,

Nimefanya kama ulivyoagiza. Sikukuonea haya. Soma, na pale unapoona nimepunguza, ongeza.

*Mgombea huyu ni mtoto wa msafisha madarasa. Alianza kusoma akiwa amekaa nje ya dirisha, akisikiliza, mpaka mwalimu mmoja alipomwonea huruma akamwingiza ndani. Hadithi hiyo aliisimulia kwa wanafunzi wake kila mwaka.*

*Aliiongoza shule hii kwa miaka kumi na tisa. Alipofika, wastani wa shule ulikuwa wa mwisho wilayani. Alipoondoka ulikuwa wa kwanza. Hakuongeza madarasa, hakuongeza walimu, hakuongeza vitabu. Alifanya hivyo kwa mchujo. Kila mwezi wa nne, watoto wa darasa la mwisho ambao alama zao zingeshusha wastani waliondolewa kabla ya mtihani. Mwaka wake wa kwanza walikuwa sita. Mwaka wake wa mwisho walikuwa ishirini na wanane.*

*Hakumpendelea mtu. Mlango wake haukufunguka kwa machozi ya mzazi yeyote. Anaamini kwamba shule ni kama shamba, na kwamba kazi ya mwalimu mkuu ni kupalilia. Miongoni mwa aliowavusha yumo binti wa kwanza wa mtaa huu kufundisha chuo kikuu.*

*Akichaguliwa, ataendelea.*

Mwanafunzi wako


3 Machi

Kinara wangu,

Nimeusoma mara tatu, mara ya mwisho kwa sauti, mama watoto akipiga pasi. Nilipofika mahali pa mlango usiofunguka kwa machozi akaacha pasi, akanitazama. Nadhani aliguswa. Hakuna mtu aliyewahi kunielewa hivi. Wengine wote wanaponisifu wanauzungukia mchujo kama dimbwi la tope. Wewe umepita katikati. Hiyo ndiyo tofauti ya mtu aliyesoma.

Nimeongeza sentensi moja tu, baada ya wale ishirini na wanane: *"Walioondolewa hawakupotea: leo ndio wanaokata nyama, wanaoendesha magari, wanaonyoa nywele na wanaoshona nguo hapa hapa mtaani, kila mmoja katika kazi iliyomfaa tangu mwanzo."* Ilinijia siku ile ya koti. Imekaa vizuri, sivyo? Nimetia sahihi na kukabidhi, na dirisha la kuandikisha majina limefungwa.

Sasa jambo la kukuchekesha. Unajua nani ameandikisha jina dakika ya mwisho kunipinga? Dada yako! Nilimkuta pale ofisini, anatoka, sentimita ya kupimia nguo bado shingoni. Nikamwambia, "Mama, umekuja kupima mapazia ya madirisha?" Akasema, "Hapana, Mwalimu, nimekuja kukusindikiza." Tukacheka wote.

Sina kinyongo naye. Kwa kweli ni heshima: maneno ya mdogo, yasomwe na mkubwa. Nimemwomba karani auchape wasifu wangu kwa herufi kubwa, maana nakumbuka alivyokuwa akisoma kwa kidole, silabi moja leo, nyingine kesho. Sitaki aaibike mbele za watu.

Mwalimu wako


8 Machi

Dada,

Kwa nini nimelijua kwake?

Nilikuandikia kila kitu kilichomo kifuani mwangu. Wewe ukaniandikia kitambaa cha kwaya. Umeandikisha jina, na mimi, wa tumbo moja nawe, naletewa habari hiyo na Wastani kama kichekesho.

Unajua nilichoandika? Niliandika nikiwa na picha ya mtu mwingine anasoma, kinyozi, dereva, yeyote. Nilitaka maneno yawe makali kwa sikio lake. Sikujua ninayapitisha kooni mwako. Utasimama katika ukumbi ule ule tulimokuwa tukiimba asubuhi, utamsifu kwa kukufukuza. Utasoma kwamba kazi yako ilikufaa tangu mwanzo. Neno kwa neno, huruhusiwi kupunguza. Na utasoma polepole, kila mtu atakusubiri, naye atakuwa ameketi pale anakuhurumia. Anakuhurumia, dada! Ameagiza herufi kubwa!

Nilitaka kumlipiza kwa ajili yako, na sasa nimemkabidhi fimbo nyingine. Jitoe. Sema unaumwa. Watamtafuta mwingine wa kusoma. Nakuomba, nimepiga magoti hapa nilipo na sioni aibu kuliandika.

Nijibu upesi.

Mdogo wako


21 Machi

Mdogo wangu,

Sikujibu kwa sababu ungenibabaisha. Mkutano umekwisha. Kaa chini nikusimulie.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Yeye alikuja na lile koti, mikono imekaa sawa kabisa, siwezi kujivunia zaidi. Nikaitwa kwanza.

Nilisoma kwa kidole, mdogo wangu. Sikuona haja ya kujificha. Silabi moja leo, nyingine kesho, kama alivyozoea. Mwanzoni watu walikuwa wanapiga soga. Nilipofika "walikuwa sita" wakanyamaza. Nilipofika "ishirini na wanane" nikasikia mtu nyuma anahesabu majina kwa sauti ya chini. Kisha nikafika kwenye ile sentensi yake. Wanaokata nyama. Wanaoendesha magari. Nikanyanyua macho, nikamwona muuza nyama amekaa mbele, mikono ameikunja kifuani.

Akasema, "Fundi, hapo sijapasikia vizuri. Soma tena."

Mwenyekiti akasema, "Haruhusiwi kuongeza neno."

"Aongeze nini? Arudie. Kurudia hakujakatazwa."

Nikarudia. Kinyozi naye akasema hakusikia. Nikarudia. Mama wa mkaa akasema, "Na sisi wa mkaa mbona hatumo, Mwalimu? Au sisi tuliota wenyewe?" Ukumbi ukacheka, lakini si kicheko cha kuchangamka. Yeye bado alikuwa anatabasamu. Alidhani wamependa.

Nikamaliza, nikaketi. Ikawa zamu yake kunisomea wangu. Nao ulikuwa mfupi, niliuandika mwenyewe. Alisimama, akakohoa, akausoma kwa sauti ile ile ya gwaride, safi, kila herufi mahali pake:

"Mimi ni fundi cherehani. Nina mtoto darasa la mwisho. Niliondolewa katika shule hii mwezi wa nne, nikiwa darasa hilo hilo. Aliyeniondoa ni huyu anayewasomea."

Alikwisha kulisema kabla hajalielewa. Akabaki ameshika karatasi. Nikamwambia, "Endelea, Mwalimu, bado mstari mmoja."

Akasoma: "Nataka mwanangu amalize."

Basi wakapanga mstari. Nyuma yake walisimama mkewe, mlinzi, na wazazi wachache wa wale watoto wanaotwaa vikombe vya masomo. Wangu ulitoka mlangoni ukazunguka choo cha walimu. Akapaza sauti, "Ninyi nyote niliwafundisha mimi!" Dereva akamjibu, "Mpaka mwezi wa nne tu, Mwalimu!"

Nimeshinda. Mchujo umefutwa juzi, kikao changu cha kwanza.

Dada yako


27 Machi

Dada yangu, dada yangu,

Nimesoma barua yako nikacheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha nikalia, kisha nikaisoma tena. Tumemlipiza! Baada ya miaka yote hii, tumemlipiza, na kwa mdomo wake mwenyewe! Hukuniambia umeandika nini kwenye wasifu wako, na nimekusamehe papo hapo.

Lakini umenipunja. Niambie sura yake. Aliposoma "ni huyu anayewasomea", midomo ilikuwaje? Mikono ilitetemeka? Alikutazama? Alitoka kwa mlango gani, na alipotoka watu walimpisha au walimzomea? Nataka kila kitu. Nimeisubiri sura hiyo tangu darasa la tano, na siku ilipotokea mimi nilikuwa hapa nasahihisha insha.

Bado hatujamaliza. Nitaandika makala gazetini. Nitamtaja. Mjukuu wake anafanyaje darasani? Kama alama zake ni mbaya, kwa nini mmefuta mchujo haraka hivyo? Mngemchuja yeye kwanza, mmoja tu, kwa sheria ya babu yake, kisha mkaifuta. Ningefunga safari kuja kumwona anavyosimama nje ya mlango.

Likizo nakuja. Tutasherehekea, sisi wawili.

Mdogo wako


2 Mei

Mdogo wangu,

Nimechelewa kwa makusudi. Nilitaka hasira yangu ipoe kwanza. Haijapoa, naandika hivyo hivyo.

Sura yake sikuiangalia. Nilikuwa naangalia mstari. Unajua niliona nini? Waliosimama nyuma yangu karibu wote ni watu aliowatoa yeye. Wale aliowavusha hawamo, mmehama, mko kwenye vyuo na maofisi ya mbali, mnamchukia kwa barua. Yeye alisahau kwamba tunaobaki ndio tunaozaa watoto wa shule hii. Mimi sikusahau. Ndiyo maana niliandikisha jina.

Na sasa nikuambie ambalo hujauliza. Mimi ndiye niliyekuchagua. Siku ya koti, nikiwa na pini mdomoni, nilimuuliza, "Hivi wale uliowatoa, Mwalimu, walikwenda wapi?" Akanijibu kwa maneno yale yale: wanakata nyama, wananyoa, wanashona. Alisema huku nimepiga goti nampima pindo. Nikamwambia, hilo nalo liandikwe, na mtafute mdogo wangu aandike mengine. Nilijua utayaandika yote kwa ukali wake, kwa sababu unamchukia kuliko mimi. Sikukuambia kwa sababu ungetaka kunilinda, na ungeharibu.

Unasema "tumemlipiza". Mdogo wangu, kuna sehemu moja ya wasifu ule watu walipiga makofi. Moja tu. Ni pale nilipokutaja wewe, binti wa kwanza kufundisha chuo kikuu. Nilisimama nikasubiri makofi yaishe. Ulikuwa kwenye karatasi yake, upande wake, na ndipo ulipostahili kuwa, maana wewe ni mavuno yake. Aliponitoa mimi, wewe alikupa zawadi ya kalamu. Sikulaumu, ulikuwa mtoto. Lakini usiniambie "sisi".

Mjukuu wake ni mtoto wa miaka tisa. Hujui hata anaitwa nani. Unataka asimame juani ili wewe ulale vizuri. Nilisoma sentensi hiyo, nikainuka, nikaenda kufunga duka mapema. Usiandike makala. Ukiandika, nitajibu gazetini, kwa herufi kubwa, na utaona kama najua kuandika au sijui.

Mwalimu mwenyewe alikuja dukani wiki iliyopita. Alisimama mlangoni, hakuingia. Akasema, "Koti linabana kwapani." Nikamwambia, "Liache hapo, rudi Alhamisi." Hakurudi. Linaning'inia nyuma yangu sasa hivi ninavyoandika. Sitalipeleka kwake na sitaligusa. Kila mteja anauliza, "La nani hili?" nami namwambia. Kama ulitaka kujua ninavyolipiza mimi, ndivyo hivyo.

Njoo likizo, chumba chako kipo. Ila ukikutana na watu sokoni wakakuuliza, sema dada yako alishinda. Ishia hapo.

Mwezi wa nne umekwisha. Mwanangu amefeli tena hesabu, vibaya kuliko mara zote. Asubuhi alivaa sare, akanywa chai, akaenda darasani.

Dada yako